Nyuma, Imefika?

Sauti yake niliisikia kabla sijamwona mwenyewe, na haki ya Mungu nilidhani ni watu wanagombana. Nilikuwa nimetoka Kambove, mtoto wa mchimbaji, sanduku la bati mkononi, natafuta mlango wa ukumbi mkubwa wa chuo kikuu. Mji wetu siku hizo uliitwa Elisabethville. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, tulikuwa na bendera yetu, stempu zetu na vita vyetu, na mimi nilikuwa na viatu vipya vinavyobana. Nikaifuata ile sauti. Ndani nikamkuta mtu mmoja tu, mwembamba, koti jeusi, amesimama katikati ya ngazi za ukumbi, mikono nyuma, kifua mbele, anayaambia madawati ya juu:

"Professeur anasema: bonjour!"

Wale wa juu wakaitikia bonjour. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na sisi tulimwita Mrudiaji.

Nieleze kidogo, maana vijana wa leo nikiwasimulia wananitazama kama nimepungukiwa. Ukumbi ule ulikuwa mkubwa na dari yake iko juu sana, neno likitoka mbele linapanda, halishuki tena. Na Profesa wa Sheria, Mzungu mfupi mwenye miwani, alisema kwa sauti ya mtu anayeomba maji chumbani mwa mgonjwa. Waliokaa mbele walimsikia. Sisi wa nyuma tuliona midomo tu. Ndipo chuo kikamweka mtu katikati, amsikilize Profesa, kisha awapelekee wa nyuma sentensi baada ya sentensi. Aliyelelewa misheni hawezi kushangaa: padre husema maneno yake machache kwa Kiswahili cha kubahatisha, halafu katekista husimama akawapa watu yaleyale, yamekolezwa chumvi. Mrudiaji alikuwa katekista wa namna hiyo kwenye kambi moja ya wachimbaji. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sijui na sikuuliza.

Kifaransa alikirudia kwa Kifaransa, neno kwa neno, kwa kumbukumbu ya kutisha. Lakini mwisho wa kila fungu alitupa Kiswahili kidogo ili somo lishuke vizuri. Kisha akauliza, mkono sikioni: "Nyuma, imefika?" Na sisi sote, aliyeelewa na asiyeelewa, tuliitika: "Imefika!" Ole wao walionyamaza. Aliwarudia fungu zima upya, na Profesa akabaki amesimama mbele, chaki mkononi, anasubiri ruhusa ya kuendelea na somo lake mwenyewe.

Alikuwa na msemo wake ambao sijausikia kwa mtu mwingine. "Neno ya muntu ikipita mu kinywa yangu," alisema, "ninainawisha uso kwanza." Yaani hakuweza, hata ungemfunga kamba, kupeleka neno baya kama lilivyotoka. Siku moja Profesa alikasirika kwa sababu ya kelele zetu, akasema sisi wa nyuma ni punda watupu. Mrudiaji alitugeukia. Akafikiri. Akakohoa.

"Professeur anasema munaweza kufanya muzuri zaidi. Na anabapenda."

Profesa, ambaye Kiswahili alikijua kuliko tulivyodhani, akapiga meza. "Sikusema vile!"

Mrudiaji, bila kupepesa macho, akatugeukia tena. "Professeur anasema hakusema vile. Lakini anabapenda. Nyuma, imefika?"

"Imefika!" tukaitika, hatuna mbavu kwa kucheka.

Koo lake alilitunza kuliko wengine wanavyotunza mke. Hakunywa maji baridi, hakula pilipili, hakupita penye vumbi la mgodi bila kitambaa mdomoni. Kila asubuhi alikuja na chupa ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, akidai kinalainisha njia ya maneno. Jinsi alivyokinywa kila baada ya fungu, kufika saa sita njia ilikuwa imelainika mno, na Sheria ya Kiroma ilianza kupata nyimbo ndani yake.

Sasa sikiliza kituko. Mtu huyuhuyu, akifika nyumbani, alikuwa bubu.

Najua kwa sababu nilipanga chumba mtaa wa Ruashi, ukuta kwa ukuta na nyumba yake. Mke wake, Mama, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha watoto, aliuza samaki wakavu wa Pweto mlangoni. Nilipokwenda kuwasalimu mara ya kwanza, Mrudiaji alikuwa kitini anatazama vidole vyake vya miguu.

"Baba anasema karibu," Mama akaniambia.

Baba hakuwa amefungua mdomo.

"Baba anasema ukae. Baba anasema unakonda sana, kule Kambove banakula nini? Baba anasema uje kula bukari hapa kila siku ya Mungu."

Nikamtazama Baba. Anatazama vidole. Nilirudi mara nyingi na ikawa vilevile, miaka na miaka. Nilipopata ujasiri nikamuuliza, tuko wawili tu njiani, kwa nini nyumbani hasemi. Alinijibu kwa kunong'ona, kama tuko kanisani: "Sauti iko ya kazi. Weye ulishaona muntu wa mugodi analala na nyundo yake mu kitanda?"

Mama mwenyewe alilichukulia kwa mzaha, ila mzaha wenye mwiba. "Bantu ku soko banasifu sauti ya bwana yangu," alisema huku akipanga samaki. "Eti iko kama kengele ya kanisa kubwa. Mimi sijue. Siku moja nitaenda kule chuo, nitakaa nyuma kabisa, na mimi nisikie." Hakwenda. Kila siku samaki walikuwa na haja yake.

Mkosi wa Mrudiaji, au bahati yake, hukumu ni yako, ulianzia kwenye mbuzi. Aliuza mbuzi wa nyumbani bila kumwambia mama mkwe wake, ambaye alikuwa amekuja kutembea. Loo! Nyumba iliwaka moto. Mimi upande wa pili wa ukuta nilisikia maneno ambayo katekista hakupaswa kuambiwa. Yeye, kama kawaida, hakujibu hata moja. Kumbe alikuwa anayaweka akiba. Kesho yake Profesa alifundisha habari za kuuza na kununua, na Mrudiaji, alipofika mwisho wa fungu, akapaza sauti kwa uchungu wote wa moyo wake: "Na mbuzi, hata iko yako, usiiuzishe pasipo kujulisha mama mukwe! Nyuma, imefika?"

Ilifika. Ilifika vizuri mno. Kwenye mtihani, madawati yote ya nyuma tuliandika sheria ya mbuzi na mama mkwe. Mwingine aliongeza kwamba inahusu pia kondoo. Profesa, maskini, mwanzoni alidhani ni yeye amesahau. Alikwenda kutafuta vitabuni. Alipokuja kutuuliza alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyesoma Kilatini bila kulala.

"Ni Mroma gani alisema hivi?" aliuliza kwa ile sauti yake ya kuomba maji.

Mrudiaji akatugeukia, mikono nyuma. "Professeur anauliza ni Mroma gani alisema vile!" Kisha, chini chini, lakini chini chini yake nani asiyeisikia: "Ni ule wa chumba ya wageni."

Siku hiyohiyo Profesa alikwenda kwa Bwana Katibu, mkubwa wa ofisi ya chuo, kudai mashine. Na Bwana Katibu, mwananchi mwenzetu aliyevaa tai hata Jumapili alasiri, alikuwa mtu wa kupenda kila kilicho kipya. Kama taifa ni jipya, alisema, haiwezekani ukumbi wake uendeshwe kwa munkoyo. Akaagiza mikro ya kusemea, haut-parleur, yaani spika, za kutundika ukutani, na sanduku la nyaya la kuunganisha vyote. Vitu vilikuja kwa treni kutoka kusini, kwa Waingereza, maana njia nyingine zilifungwa na vita.

Sisi wanafunzi tuliitwa kushusha masanduku, na Mrudiaji naye alikuja kushika upande wake. Bwana Katibu alimwambia mbele yetu, na kusema kweli hakumwambia kwa ubaya, alimwambia kwa furaha, ndiyo iliyoniuma.

"Baba, Bwana Waziri anakuya kufungua hii mashine. Siku ile ikifunguliwa, weye utapumuzika. Tutakupatia jardin, ukate majani. Hewa muzuri!"

Akamkabidhi palepale panga jipya la kufyekea hiyo bustani, lina karatasi ya dukani bado. Mrudiaji alilitazama, akalitazama lile sanduku, akamtazama Bwana Katibu.

"Majani," alisema, "nitairudilia nini?"

Nilimwona akifunga vifungo vyote vya koti lake, mpaka cha shingoni. Nilimwonea huruma. Ukumbi ule ndio mahali pekee duniani alipokuwa na sauti, na sasa wanamtoa humo wakampeleke kwenye majani. Jioni nilipita kwao. Mama akasema, "Baba anasema hana shida hata kidogo." Baba alikuwa anatazama vidole vyake, na bukari, ugali wetu, ilikuwa imepoa mbele yake.

Fundi aliyeletwa kuzifunga zile haut-parleur alikuwa kijana mgeni asiyejua ukumbi. Akamuuliza Mrudiaji, kwa heshima kabisa: ni wapi watu hawasikii? Mrudiaji akamjibu ukweli: nyuma. Basi Fundi akapanda ngazi, akazigongomea zote ukutani nyuma, juu ya vichwa vya wenye shida. Mpaka leo kuna wanaoapa kwamba mzee alifanya makusudi. Waongo. Nilikuwepo. Alimshikia Fundi ngazi na misumari, kwa moyo mmoja. Wale wa mbele wanasikia tayari, kuna haja gani ya kuwapelekea sauti nyingine?

Siku ya kwanza ya kujaribu, Profesa alisogeza mdomo kwenye mikro akasema "Mabibi na mabwana", na sauti yake ikatokea kisogoni mwetu.

Sasa wewe uliyelelewa na watu, niambie. Mkubwa anasema nawe, unampa mgongo? Sisi tulichapwa kwa kosa hilo. Mkubwa akisema, unampa uso. Wa kwanza kugeuka alikuwa mwenzetu aliyetoka seminari. Akafuata jirani yake, akafuata mwingine, nami nikageuka, mpaka sisi watoto wa Katanga sote tukawa tumeupa uso ukuta wa nyuma, tumekaa kinyume madawatini, mikono tumekunja kwa adabu, tunayatazama yale masanduku yanayotufundisha. Wenzetu Wazungu, waliochanganyika nasi madawatini, walibaki wanatazama mbele. Kwa hiyo tukawa pua kwa pua. Binti mmoja wa Kibelgiji, ambaye mwaka mzima hatukuwahi kusalimiana, aliniambia bonjour kwa sababu pua zetu zilikuwa karibu mno kunyamaza.

Na Mrudiaji? Alisimama katikati ya ngazi, pale pale pake, hajui aelekee wapi. Sauti inatoka nyuma. Basi nani asiyesikia? Ni wa mbele! Na mbele kabisa yuko nani? Akakata shauri. Alilisikiliza sanduku mpaka fungu likaisha, akageuka, akajaza kifua, akampazia Profesa mwenyewe: "Professeur anasema: mabibi na mabwana!"

"Geukeni, wajinga ninyi!" Profesa akafoka.

Mikro ililichukua neno lile likiwa bichi, ikatumwagia kichwani, halina hata tone la maji. Ukumbi ukawa baridi. Tulijua bila shaka kwamba Profesa alishatutukana siku zote, ila hatukuwahi kufikiwa. Yule wa seminari machozi yalimlengalenga.

"Professeur anasema mugeuke, tafazali," Mrudiaji akasema taratibu.

Tukageuka mbele. "Merci," likasema sanduku la nyuma. Tukageuka nyuma tena. Profesa aliweka chaki chini, akavua miwani, akatoka.

Bwana Katibu aliamuru haut-parleur zishushwe zikatundikwe mbele, kushoto na kulia kwa ubao, karibu kabisa na mikro, ili sauti na msemaji wasiachane tena. Fundi alijaribu kueleza kwamba mikro na haut-parleur hazipendi kutazamana uso kwa uso. Bwana Katibu akasema Bwana Waziri anakuja kesho na hakuna muda wa kujua nani hampendi nani.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Bendera, maua, askari mlangoni, Bwana Katibu amevaa tai ambayo hatukuwahi kuiona. Bwana Waziri alikuwa mtu mkubwa kweli, mwili na cheo, na suruali yake ilikuwa imeshonwa wakati bado hajawa waziri. Mrudiaji alikuja na koti lake jeusi limepigwa pasi, akasimama pale pake katikati ya ngazi. Lile panga alikuwa ameliegemeza nyuma ya mlango, tayari. Aliniambia kwa kunong'ona, kwa mara ya kwanza ndani ya ukumbi: "Nimekuya kuaga." Mimi nikaangalia pembeni, maana sikutaka aone uso wangu.

Bwana Waziri akaisogelea mikro, akavuta pumzi, na kabla hajasema neno, zile haut-parleur zikapiga yowe. Sio kelele, yowe: wiiiiiii, moja kwa moja, la kutoboa mfupa. Kumbuka ni siku gani zile. Ndege za ONU, yaani Umoja wa Mataifa, zilikuwa zinapita juu ya mji, na kila mtoto alijua kinachofuata baada ya mlio wa namna ile. Hatukungoja kuambiwa. Ukumbi mzima ulikuwa chini ya madawati kabla sijamaliza kufumba macho, maprofesa, askari, maua na bendera. Nilipofumbua, yule binti wa Kibelgiji alikuwa chini ya dawati langu.

"Bonjour," akasema.

Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki wima. Mrudiaji haketi kazini.

"Ni mashine!" akanguruma. "Si ndege! Ni mashine inalia!"

Fundi alitambaa akafikia lile sanduku la nyaya, akapunguza. Yowe likakatika. Kimya kikawa kile ambacho mtu anasikia jirani yake akimeza mate. Na mikro, ambayo ilikuwa imeangushwa sakafuni, ilikuwa bado inafanya kazi, kwa mara ya kwanza bila dosari yoyote. Sauti ya Bwana Waziri ikatufikia kutoka chini ya meza, safi, kila herufi mahali pake, mpaka dawati la mwisho:

"Katibu! Ee Katibu! Suruali imepasuka. Yote! Mpaka nyuma. Mama yangu, mbele ya hii bantu yote nitatokaje?"

Niliuma mkono wa shati langu nisicheke, mpaka ukatoka uzi. Binti wa Kibelgiji alikuwa amejifunika uso kwa bendera ya Katanga, mabega yanamtikisika. Na askari, sote tulijua, walikuwa na bunduki.

Kutoka chini ya dawati nilimwona Mrudiaji akiinamisha kichwa. Akakohoa. Nilijua anachofanya: analinawisha uso. Na lile neno lilikuwa na uso mchafu kweli.

"Bwana Waziri anasema," akaanza, mikono nyuma, kifua mbele, "hii inchi iko mupya, na tuwe na desturi mupya. Zamani bakubwa banatoka mbele. Leo, hapana! Leo batoto ba chuo njo banatoka kwanza, na maprofesa, na basoda na bunduki yabo. Kila muntu aangalie mulango, asigeuke nyuma, juu ya heshima. Bwana Waziri atatoka wa mwisho, sawa vile baba anafungia batoto yake mulango. Nyuma, imefika?"

"Imefika!" ikatoka chini ya kila dawati.

Tukatoka, macho mlangoni, kwa adabu ambayo mazishi ya askofu hayakupata. Sote tulikuwa tumesikia. Sote tukajitia hatukusikia. Mrudiaji alishuka ngazi, akipita karibu na meza akavua koti lake, akaliacha pale juu bila kutazama chini, akaendelea na njia yake. Baadaye tulimwona Bwana Waziri akipanda gari lake, koti jeusi la katekista limefungwa kiunoni kama aproni ya mpishi, anatupungia mkono kwa fahari.

Jibu lilikuja upesi. Bwana Katibu alilileta mwenyewe, tai imelegea. Bwana Waziri amesema mashine ni nzuri sana, ila haina adabu, hivyo itafutiwe mlezi. Kuanzia sasa mtu yeyote asiseme kwenye mikro ile pasipo Mrudiaji kukaa kando, kidole kwenye swichi. Na jardin?

"Jardin itakata majani yake yenyewe," Bwana Katibu akasema.

Mrudiaji alikwenda nyuma ya mlango, akachukua lile panga, akampelekea Mama. Lilikata vichwa vya samaki wa Pweto miaka mingi sana.

Sasa ungedhani aliichukia mashine. La! Aliipenda mpaka ikawa kero. Kila asubuhi aliifuta mikro kwa kitambaa chake safi, akisema, "Nawa uso, mutoto." Mgeni akiijaribu kwa kupuliza fuu fuu, alimkemea hata awe nani: "Usiipulize! Iko supu?" Bendera yetu ilishuka, Katanga ikarudi Kongo, mji ukaitwa Lubumbashi, nami nikawa mwalimu katika ukumbi uleule, na yeye bado yuko kando, kidole kwenye swichi. Nikianza kukasirikia wanafunzi, nilisikia tak, mikro imekufa, kisha sauti yake: "Mwalimu anasema muende kupumuzika, munafanya kazi muzuri." Jina langu la upole lilienea chuo kizima, na lilikuwa kazi ya kidole chake. Nilimpenda mzee yule. Nilimpenda hata siku aliponizima katikati ya hotuba yangu mwenyewe ya kuaga, nilipohamishwa kwenda kufundisha mbali, kwa sababu niliona haya kulia na yeye akaona nimekaribia.

Niliporudi, miaka ilikuwa imepita na mikro ile ilishabadilishwa kwa nyingine zisizo na waya. Nikaambiwa Mrudiaji amestaafu, na kwamba sauti imemwisha. Nilidhani ni namna ya kusema. Nikaenda Ruashi.

Alikuwa kitini pale pale, koti jeusi jingine, kikombe cha chai pembeni, anatazama vidole. Aliponiona midomo ilisogea, lakini ilitoka pumzi tu, kama mtu anayepoza chai. Daktari alisema koo limechakaa. Mama alitoka na mikono yake yenye magamba ya samaki, akanikumbatia hivyohivyo.

"Baba anasema karibu! Baba anasema umezeeka sana. Baba anasema sasa unanona, asifiwe Mungu."

Safari hii midomo ya Baba ilikuwa imesogea kweli, lakini kidogo mno kwa maneno yote yale. Nikacheka, naye akacheka bila sauti, kichwa kinayumba. Mama akaketi kidogo akajifuta jasho.

"Hakuna kintu imebadilika," akaniambia. "Zamani alimalizia sauti yake kule chuo, leo imeisha kabisa. Bantu banaikumbuka: Mama, ile sauti! Banalia hata. Mimi peke yangu mu hii muji njo sikuisikia." Alisema huku anatabasamu. Kisha akainuka, akaenda jikoni, nyuma ya nyumba, kutafuta sahani.

Mrudiaji alinivuta mkono wa shati. Nikainama mpaka sikio likagusa midomo yake.

"Chai," akanong'ona, "haina sukari. Umwambie."

Nikasimama. Sijui nini kilinipata. Niliweka mikono nyuma, nikatoa kifua mbele, nikaelekeza uso jikoni.

"Baba anasema chai iko tamu sana, Mama! Kesho tu uongeze sukari kidogo!"

Mkono wa shati ukavutwa tena, kwa nguvu. Nikainama.

"Sikusema tamu."

"Baba anasema hakusema vile!" nikapaza. "Lakini anakupenda!"

Mzee alishtuka. Alifungua mdomo kunikanusha, nikauona kabisa unafunguka. Kisha akaufunga. Akatazama vidole vyake vya miguu, masikio yamemwiva. Halafu akaninyooshea kidole nikaribie, na nilijua neno lenyewe kabla halijanifikia. Hili halikuhitaji kunawishwa. Nililipaza kama lilivyo.

"Nyuma, imefika?"

Jikoni sahani zikanyamaza. Mrudiaji aliweka mkono sikioni, akangoja. Tulingoja wote wawili. Na Mama, ambaye maisha yake yote hakukosa maneno ya kuongeza, safari hii hakuongeza hata moja.

"Imefika," akasema.